Nsimire na Samaki Wasiozaa

Watu wa Nyantende walimjua Emérence Nsimire kama mjane mrefu, mwepesi wa mguu, asiye na mazoea ya kukaa kwa watu akipiga domo. Mume wake alikuwa mpasua mbao. Mti ulimwangukia msituni wakati binti yao wa pekee, Noëlla, bado hajaota meno. Nsimire akamwacha mtoto kwa mama yake, akapanda mlima kutafuta kazi, na akaipata jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kinkina, ule mti ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Shamba lilikuwa juu kabisa Kabare, pale msitu wa Kahuzi unapoanzia, ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Chini ya nyumba ya mzungu kulikuwa na baraje, yaani ukuta wa mawe uliozuia kijito ili maji yazungushe mashine za kiwanda. Nyuma ya ukuta huo maji yalijikusanya yakawa bwawa jeusi, baridi ya kuuma mifupa, pana kama viwanja viwili vya mpira. Humo ndani bibi wa nyumba, Madame Françoise, alifuga truite, samaki wa Ulaya wa maji ya baridi. Kila mwaka vifaranga vyake vililetwa kwa ndege kutoka nchi nyingine, ndani ya mapipa ya maziwa yenye barafu, na Nsimire ndiye aliyevipokea garini na kuvibeba kichwani hadi majini, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Watu wa shamba waliwaita samaki wa baridi.

Madame alikuwa na goti bovu. Mwanzoni Nsimire alimbebea kiti na kikapu tu. Baadaye akawa anamrushia ndoano. Mwishowe Madame akawa anakaa kwenye kiti na blanketi miguuni, na Nsimire anavua peke yake huku akifokewa kutoka nyuma.

"Kivuli chako, Nsimire! Unamwonyesha samaki kivuli chako!"

Akajifunza. Akajua kwamba samaki yule ana macho makali kuliko mwewe, kwa hiyo lazima umwendee umeinama, na jua liwe usoni mwako. Uzi wa nailoni uwe mwembamba hata wewe mwenyewe uutafute kwa vidole, na ndoano isizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, aliwafuata kwenye mdomo wa kijito, kwa sababu hapo ndipo chakula kinapoingia. Alitumia mnyoo wa udongo aliyemlaza siku nzima ndani ya majani mabichi ili ajisafishe na kuwa mwekundu. Alimtunga mara moja tu, kichwani, mkia ukicheza. Jua likipanda, samaki walishuka kwenye kina karibu na ukuta, naye akafunga kipande kidogo cha risasi, akaacha chambo kizame, kisha akakivuta taratibu, shubiri moja, pumziko, shubiri nyingine. Alasiri, upepo ukivuma kutoka msituni, alihamia ng'ambo ile ambako upepo unasukumia wadudu, akatoa panzi na kumwacha aelee chini ya kizibo cha chupa ya divai. Na siku ambazo kumbikumbi waliruka baada ya mvua, aliweka kando kila kitu na kuwatumia hao tu, kwa kuwa truite akionja kumbikumbi hataki tena kingine.

Jambo gumu zaidi lilikuwa mkono. Kinywa cha samaki yule ni laini. Ukimvuta kwa hasira kinachanika, anakwenda zake. Nsimire alijifunza kumpa uzi akiutaka na kuudai akichoka. Madame alisema hajawahi kuona mtu mwenye mkono kama huo, wala kwao Ulaya. Nsimire aliyapenda maneno yale. Wakati ule hakuona ubaya wa kujua kitu ambacho wengine hawakijui.

Mwisho wa mwaka wa sabini na tatu, redio ikatangaza kwamba mashamba ya wageni yatakuwa ya wana wa nchi. Madame aliondoka na masanduku mawili. Alimshika Nsimire mabega, kisha akaingia garini.

Aliyepewa shamba alikuwa mtu wa Bukavu, Citoyen Mushagalusa, yaani Mwananchi, kama kila mtu alivyotakiwa kuitwa. Enzi hizo majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku kwenye makaratasi, na hata Nsimire hakuwa tena Emérence isipokuwa mbele ya padri. Mushagalusa alikuwa na nyumba nzuri mtaa wa Ibanda, bustani yake ikiteremka mpaka ziwani, na kazi yake kubwa ilikuwa kupokea wakubwa. Hakujua kinkina wala hakutaka kujua. Lakini Jumamosi ya kwanza, siku ya posho kama tunavyosema, Nsimire alivua truite watano, akawafunga ndani ya majani mabichi ya kangaga, na dereva akawashusha mjini. Mkubwa mmoja wa Kinshasa akala, akalamba vidole, akauliza samaki huyu anatoka wapi.

Kuanzia siku hiyo Nsimire hakuwa tena mpishi. Alikuwa mtu wa samaki. Kila posho samaki sita, na kukiwa na feti, yaani sherehe, kumi na wawili.

Hakukuwa na siku moja ambayo angeweza kusema kwamba hapa ndipo mlango ulipofungwa. Kwanza Mushagalusa aliomba karte yake ya uraia na kitabu chake cha kazi, eti ofisi inaandikisha wafanyakazi upya, havikurudi. Na bila karte, barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari kila mahali. Kisha akahamishwa kutoka nyumba za wafanyakazi akapewa chumba kando ya baraje, ili awe karibu na kazi. Kisha Bisimwa, mlinzi wa lango, mtu mpole aliyebatizwa Pascal, akaanza kuuteremsha mwanzi wake wa kufungia njia kila alipomwona anakuja.

"Maman Nsimire, mimi sina neno na wewe," alisema akitazama chini. "Nimeambiwa tu. Ukitoka, ni mimi nitajibu."

Noëlla alikuwa ameolewa Kalehe, huko kando ya ziwa. Mwaka wa sabini na nne akatuma habari kwamba ni mjamzito. Nsimire akavaa kitenge chake kizuri, akamngoja Mushagalusa ashuke garini.

"Patron, mutoto yangu iko karibu kuzala. Ni mimba ya kwanza. Naomba siku ine tu."

"Siku ine? Na posho je?"

"Posho nitakuwa nimerudi."

Mushagalusa alicheka kwa wema, kama mtu anayemcheka mtoto. "Maman, watu wanapanda avion Kinshasa juu ya ile samaki yako. Niwaambie nini? Wangoje mujukuu wako azaliwe? Acha kwanza feti ya mwezi wa kumi na moja ipite."

Feti ikapita, ikaja nyingine. Mtoto akazaliwa, msichana. Nsimire aliambiwa na mwanamke aliyeleta viazi. Aliinama kwenye mdomo wa kijito, akatunga mnyoo kichwani, mara moja, na mikono haikutetemeka. Hilo lilimwogopesha kuliko kitu kingine, kwamba mikono yake iliendelea kufanya kazi vizuri hivyo.

Lakini mikono hiyohiyo ndiyo iliyomwambia jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Samaki walikuwa wanakwisha. Zamani, katika kila samaki watano, wawili walikuwa wadogo na aliwarudisha majini. Sasa kila aliyemtoa alikuwa mzee, mpana wa shingo, taya limepinda. Truite walipanda kijito kutaga, aliwaona, lakini ng'ombe wa Mushagalusa walikuwa wamekivuruga kijito kikawa matope matupu, na mayai yalizikwa humo. Na mapipa ya maziwa hayakuja tena tangu Madame aondoke. Hakuna aliyejua hata kuyaagiza.

Akamwambia bwana wake. "Patron, hawa samaki hawana watoto. Wale tunakula ni wale wa wazungu waliacha. Wakikwisha, wamekwisha."

"Samaki inazaliwa ndani ya maji," Mushagalusa alijibu. "Nani alinunua samaki za Kivu? Fanya kazi yako, maman."

Hapo ndipo Nsimire alipouona mtego wote, kuta zake nne. Akivua kama alivyozoea, atammaliza samaki wa mwisho kwa mkono wake mwenyewe, kisha ataulizwa wengine amewapeleka wapi. Akiacha kuvua, ataulizwa siku hiyohiyo. Alijaribu kati na kati. Posho moja alipeleka watatu, nyingine wawili. Posho ya tatu hakupata hata mmoja. Alishinda na mnyoo, akashinda na panzi, akapapasa kina chote cha ukuta, na kizibo kikaelea pale kama kimegandishwa. Dereva akashuka mjini na kikapu kitupu. Kesho yake watu wawili wakamfungia Nsimire ndani ya seshwari, banda la bati la kukaushia magome, eti aliwauza samaki wa patron sokoni Kadutu.

Alikaa siku mbili. Seshwari haikuwa na dirisha, ilikuwa na nyufa tu, na vumbi la kinkina lilikuwa chungu hivi kwamba hata mate yalikataa kumezeka. Mke wa Bisimwa, Monique, ndiye aliyempitishia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye ufa, kimoja kimoja, akinong'ona, "Kula, maman, kula mbio." Alipotolewa alirudi kwenye maji na kuvua samaki wanne siku hiyo, kwa kumbikumbi, mvua ilikuwa imenyesha. Mushagalusa akaamini kwamba seshwari ni dawa.

Mwanzo wa mwaka wa sabini na sita akaja mkurugenzi mmoja kutoka Kinshasa, mtu aliyesoma Ubelgiji, na yeye hakutaka kula truite tu, alitaka kumvua. Alikuja na fimbo ya kukunjwa, gurudumu la uzi, na sanduku la vijiko vidogo vya bati vinavyozunguka majini na kumetameta. Alirusha tangu saa mbili mpaka saa nane. Alirusha vizuri, Nsimire aliliona hilo. Ndoano yake haikuguswa hata mara moja. Mushagalusa alisimama nyuma yake na mwavuli, akitabasamu mpaka uso ukamuuma.

Mwishowe mgeni akaweka fimbo chini, akamgeukia Nsimire. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kimechanganyika na Lingala.

"Mama, nakosea wapi?"

"Haukosei kitu, Papa."

"Sasa samaki iko wapi?"

Nsimire alimwangalia Mushagalusa. Mushagalusa alitikisa kichwa kidogo sana, kidogo hata mwavuli haukutikisika. Lakini Nsimire alikuwa amechoka. Alifikiri, huyu ni mkubwa, naye anajua samaki. Akiusikia ukweli huu, nani atanishikilia hapa kulinda maji matupu?

"Samaki hakuna, Papa. Imebaki labda kumi, wazee. Haiwezi kuzala humu, kijito imejaa matope. Wazungu walikuwa wanaleta watoto yake kila mwaka. Tangu waende, hakuna mutu ameleta."

Mgeni akapanda kando ya kijito na viatu vyake vizuri, akaingiza mkono kwenye tope, akarudi. "Mama anasema kweli," alimwambia Mushagalusa kwa Kifaransa. "Miaka miwili unatoa bila kuweka? Hata bata mzinga angejua." Wale waliomsindikiza wakacheka. Mushagalusa naye akacheka, shingo yake imekuwa nyeusi kwa damu.

Kisha mgeni akafurahi ghafla, kama watu wanavyofurahi wakipata wazo linalowagharimu wengine. Akasema yeye mwenyewe ataagiza vifaranga, elfu mbili, elfu tatu, vije kwa ndege. "Na mama huyu," akasema, akimpiga Nsimire begani, "usimwache aende popote. Mtu kama huyu anatosha kuwa mkuu wa kituo. Miaka kumi na mama huyu, na utakuwa na truite kuliko wazungu!"

"Atakaa," alisema Mushagalusa. "Ataenda wapi?"

Nsimire alibaki amesimama kwenye ukuta wa baraje hata magari yalipoondoka. Miaka kumi. Alikuwa amesema kweli ili atoke, na ule ukweli ukampigilia msumari.

Alikaa siku kadhaa akifanya kazi kama mtu anayeota. Siku ya nne, wakati wa mchana, alikwenda langoni na kipande cha truite aliyekaangwa, akampa Bisimwa. Bisimwa alikuwa hajawahi kumwonja samaki huyo, miaka yote hiyo.

"Ni tamu," alisema Bisimwa, akishangaa. Halafu akasema, "Maman, wewe una bahati. Wewe unajua kitu. Mimi nashinda hapa kwa mvua na mwanzi, hata mbwa anaweza kufanya kazi yangu."

Nsimire akamtazama. "Nikufundishe?"

"Mimi?"

"Wawili wakijua, mumoja anaweza kutoka. Mimi nataka kwenda Kalehe. Wewe unataka kutoka hapa langoni. Siku utaweza kupeleka samaki mwenyewe, utafungua huu mwanzi."

Alimfundisha majuma matano. Alimpa kila kitu: mnyoo ndani ya majani, panzi na upepo, risasi kando ya ukuta, kumbikumbi baada ya mvua. Alimkaripia kuhusu kivuli. Bisimwa alikuwa na mkono mzito, lakini alikuwa na subira ya mtu wa langoni, na posho moja alimtoa samaki wake wa kwanza, mzee, mzito kama jogoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mushagalusa aliambiwa kwamba Bisimwa anasaidia. Hakujali, mradi kikapu kisishuke kitupu.

Jambo moja tu Nsimire hakumpa. Siku ya maneno ya mgeni Bisimwa alikuwa langoni, mbali, hakusikia. Alipouliza, "Samaki ziko ngapi humu?", Nsimire alisema, "Zimepunguka." Hakusema zimekwisha. Alijiambia kwamba vifaranga vitakuja, mkubwa mzima ameahidi. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi ilimbidi ajiambie tena.

Aliondoka Jumatatu, ukungu ukiwa mzito. Bisimwa aliinua mwanzi, na Monique akamfungia mahindi ya kuchoma ndani ya kitambaa. Bila karte hakuthubutu barabara kuu. Alishuka kwa njia za mashamba mpaka ziwani upande wa Birava, akalala kwa mke wa katekista, akapata mtumbwi uliokuwa unapeleka ndizi Kalehe. Noëlla alimkuta ameketi kwenye mizizi kando ya maji, miguu imevimba. Mjukuu, aliyeitwa Delphine nyumbani, alijificha nyuma ya mama yake, na ilichukua zaidi ya juma kabla ya kukubali kushikwa mkono na bibi yule asiyemjua.

Nsimire akalima maharage. Alikataa kwenda ziwani na wavuvi, ingawa walimwomba walipoona jinsi alivyofunga ndoano ya mtu. Kila gari la shamba lilipopita barabarani aliingia ndani. Karte hakuwa nayo, kwa hiyo hakuenda Bukavu, hakuenda Goma, hata harusini Nyantende hakwenda. Kalehe ilikuwa kubwa kuliko baraje, basi.

Mwaka ulipokwisha, siku ya soko, alimwona Monique amesimama mbele ya kibanda chake na kikapu kitupu mgongoni. Amekonda.

"Vifaranga havikuja," alisema Monique bila salamu. "Alivua wale wawili wa mwisho wakati wa Pasaka. Kisha hakuna. Walimweka seshwari siku nane, maman. Nane. Alipotoka alikohoa damu. Akakimbilia Mwenga kuchimba dhahabu, sijui kama anaishi. Mimi walinifukuza kwenye nyumba ya kazi."

Nsimire alimketisha, akampa maji. Monique aliyashika bila kunywa.

"Ulijua?"

Angeweza kusema kwamba mkubwa aliahidi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, aliyatumia mara nyingi.

"Nilijua," alisema.

Monique akaweka kikombe chini. Alilia bila sauti, na Nsimire hakumgusa, hakuona kwamba ana haki hiyo. Kisha Nsimire akasema, "Nyuma ya nyumba kuna shamba. Nusu yake ni yako. Na kitanda kiko."

Monique alikaa miezi saba. Walilima pamoja mstari kwa mstari, wakapika chungu kimoja, na hakulitaja tena jambo lile, ambalo lilikuwa gumu kwa Nsimire kuliko kama angetukanwa kila siku. Kisha ikaja barua kutoka Mwenga, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba ya Bisimwa: yu hai, kifua kinamsumbua, mke wake aje. Nsimire alimsindikiza mpaka kwenye lori. Monique alipanda juu ya magunia, akavuta kitenge mabegani, na gari lilipowaka akainama.

"Mbegu ya maharage mekundu nimeacha kwenye chungu," alisema. "Upande mbele ya mvua, maman, si nyuma."

"Nitapanda," alisema Nsimire.

Lori likaondoka. Alisimama mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi shambani, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa milima na mvua haikuwa mbali.